Chama cha wananyurosaikolojia wa kitabibu ni nini?

Mtu akipata kiharusi au akiumia kichwa ajalini, picha ya MRI huonyesha ubongo umeumia wapi. Haionyeshi kama bado anaweza kusimamia duka lake na kukumbuka nani anamdai. Hilo hupimwa na mwananyurosaikolojia wa kitabibu: mwanasaikolojia aliyebobea katika kupima kumbukumbu, umakini na lugha kwa maswali na mazoezi ya mezani, ambayo huweza kuchukua saa kadhaa.

Wataalamu hawa wana vyama vyao. Nchini Marekani kimojawapo ni American Academy of Clinical Neuropsychology, kwa kifupi AACN, kilichoundwa mwaka 1996. Hakitibu mgonjwa, wala si chama cha kudai mishahara. Hukusanya waliothibitishwa na bodi, na kuthibitishwa si mchezo: shahada ya uzamivu, mafunzo ya kazini, kisha miaka miwili ya ubobezi, halafu mtihani wa maandishi, ukaguzi wa ripoti alizoziandika mwenyewe, na mtihani wa mdomo. Anayetahini ni bodi, iitwayo ABCN. Chama ni kitu kingine, ingawa wengi huvichanganya.

Makongamano na jarida vipo, kama vyama vyote. Kazi nzito, nionavyo, ni kuafikiana juu ya mambo ambayo mgonjwa hayaoni. Chukua alama 75 kwenye kipimo ambacho wastani wake ni 100. Ripoti moja ilikuwa ikiandika "mpakani", nyingine "upungufu kiasi", na alama ni ile ile! Hakimu anayeamua fidia afuate ipi? Mwaka 2020 AACN ilitoa tamko la maafikiano: 90 hadi 109 ni wastani, 80 hadi 89 ni wastani wa chini, 70 hadi 79 ni chini ya wastani. Na alama moja peke yake isiitwe upungufu wa akili; uamuzi huo ni wa mtaalamu akishatazama matokeo yote, elimu ya mtu na maisha yake.

Kuna pia suala la kumlinganisha mtu na nani. Katika fidia ya wachezaji wastaafu wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani ambako vichwa hugongwa sana, alama za wachezaji weusi zilikuwa zikipimwa kwa kiwango cha chini kuliko za wazungu, kana kwamba walianza na uwezo mdogo, hivyo mweusi alipata shida zaidi kuthibitisha kwamba ubongo wake umedhoofika. Mwaka 2021 ligi iliahidi kuacha mtindo huo, na AACN ikaunga mkono kuondolewa kwa rangi ya mtu katika ukokotoaji wa viwango.

Lugha na malezi bado ni kazi kubwa. Kipimo maarufu cha kutaja majina ya picha, kilichotungwa Boston, kina nyumba ya barafu na biva (beaver), mnyama wa mito ya nchi za baridi. Mkongomani mzungumzaji wa Kiswahili aliyehamia Marekani akinyamaza mbele ya picha hizo, huenda kumbukumbu yake ni nzima kabisa. AACN ina mpango uitwao Relevance 2050, unaolenga wataalamu na vipimo viweze kuwahudumia watu wa namna hiyo.