Wazimamoto wa Kujitolea wa Miji Midogo ya Marekani: Dhana Potofu na Ukweli

Katika miji mingi midogo ya Marekani, moto unapozuka anayefika kuuzima ni fundi magari, mwalimu au mwenye duka wa mtaa huohuo, aliyeacha shughuli zake aliposikia king'ora. Utaratibu huu una umri wa karibu miaka 300, na kwa kuwa unapendwa sana umezungukwa na hadithi zisizo za kweli.

Dhana: Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani, ndiye aliyeubuni utaratibu huu.

Ukweli: Chama cha Union Fire Company, ambacho Franklin na wenzake walikianzisha Philadelphia tarehe 7 Desemba 1736, kilifuata mfano wa Boston, mji aliozaliwa, ambako majirani walikuwa tayari wamekwisha kuungana kwa ajili hiyo. Sifa anayostahili ni ya kuueneza utaratibu huo, kwa sababu waliotaka kujiunga walipozidi, walishauriwa waunde vyama vyao wenyewe. Kila mwanachama alitia saini mkataba wa kuweka tayari nyumbani kwake ndoo za ngozi na mifuko imara ya kitambaa, na asiyehudhuria mkutano wa mwezi alitozwa faini, ambayo ilisaidia kununua pampu, ngazi na kulabu. Mifuko hiyo inaeleza mengi: kazi yao haikuwa kumwaga maji tu, bali pia kuokoa vyombo vya jirani visiteketee wala kuibwa katika vurugu. Ndoo nazo ziliandikwa kwa rangi jina la mwenyewe, kwa kuwa zilipitishwa mkono kwa mkono kutoka kisimani hadi kwenye tangi la pampu, na moto ulipozimika zilibaki lundo moja barabarani, kila mtu akitafuta yake.

Dhana: Nyumba isiyokuwa na kibao cha bima ukutani iliachwa iungue.

Ukweli: Hadithi hii husimuliwa sana, lakini kwa Marekani haina msingi. Vibao vilikuwepo kweli, vikiwa alama ya kampuni iliyoikatia nyumba bima ya moto. Kampuni ya bima ya Philadelphia Contributionship, iliyoanzishwa mwaka 1752, ilitumia alama ya mikono minne iliyoshikana. Hata hivyo, vikosi vya kujitolea havikuwa mali ya kampuni za bima, na katika mji wa nyumba za mbao zilizobanana, kuuachia moto nyumba moja kulikuwa sawa na kuukaribisha kwenye nyumba yako.

Dhana: George Washington alikuwa mwanzilishi wa kikosi cha Friendship cha Alexandria, Virginia.

Ukweli: Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1774, wakati Alexandria ilikuwa bado mji mdogo wa bandari, na jengo lake la mwaka 1855 sasa ni makumbusho. Wenyeji walirithishana kwa vizazi simulizi kwamba Washington alikuwa miongoni mwa waanzilishi, lakini wanahistoria hawakupata ushahidi wa kuithibitisha. Kwa maoni yangu, simulizi hiyo inawadhulumu wakazi wa kawaida walioubeba mzigo wenyewe.

Dhana: Pampu za mvuke na wazimamoto wa kulipwa vilikomesha kazi ya kujitolea.

Ukweli: Hayo yalitokea katika miji mikubwa. Cincinnati ilianza kuwalipa wazimamoto wake tarehe 1 Aprili 1853, ikitumia pampu ya mvuke iliyohitaji watu wachache kuliko ile ya kusukumwa kwa mikono. New York ikafuata mwaka 1865 na Philadelphia mwaka 1871. Mji mdogo haukuwa na fedha za kulipa mishahara mwaka mzima, na mara nyingi hauna hata leo. Ndiyo maana takriban wazimamoto wawili kati ya kila watatu nchini Marekani bado ni wa kujitolea, na vikosi vingi huchangisha fedha za vifaa kwa kuwauzia majirani chapati za maji asubuhi ya mwisho wa wiki, ndani ya banda lilelile la kuegesha magari ya zimamoto.