Fleming na Churchill: ile stori sio kweli

Jamani ile meseji ya WhatsApp, eti baba yake Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini, dawa ya kuua bakteria, alimuokoa Winston Churchill (baadaye waziri mkuu wa Uingereza) akiwa mdogo kwenye tope, baba Churchill akalipa ada ya Fleming kama shukrani, halafu penisilini ikaja kumponya Churchill nimonia, haikutokea. Mzee Fleming, mkulima wa Uskoti, alifariki Alexander akiwa na miaka 7, na hela ya kusomea udaktari ilitoka kwenye urithi wa ami yake. Desemba 1943 Churchill akiumwa nimonia kule Tunisia alitibiwa kwa dawa za salfa, aina nyingine ya dawa za bakteria, sio penisilini. Mimi naona stori ya kweli ya penisilini ni tamu zaidi: London 1928, Fleming anakuta sahani ya bakteria imeota ukungu, na pembeni ya ukungu bakteria wameyeyuka.