Polepole si kina: dhana potofu kuhusu rekodi za nokturno za Chopin

Ni nadra juma kupita bila mwanafunzi, au mzazi wake, kuniambia kwamba amesikiliza rekodi mbili za nokturno moja, yaani kipande cha piano chenye hali ya usiku, na kuichagua ile ya polepole zaidi kwa sababu ndiyo yenye hisia. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na yananisikitisha, kwa kuwa yanawanyima wasikilizaji wenye masikio mazuri muziki ambao Chopin, mtunzi wa Poland wa karne ya 19, aliuandika.

Tuchukue nokturno ya Opus 9 namba 2 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), inayojulikana kuliko zote. Mwanzoni pameandikwa Andante, yaani mwendo wa mtu anayetembea, pamoja na alama ya metronomu, chombo cha kupimia mwendo wa muziki, ya mapigo madogo 132 kwa dakika. Kila kipimo, yaani kisehemu kati ya mistari miwili ya wima, kina mapigo madogo 12, na vipimo ni 34. Ukipiga hesabu utaona kwamba kipande chote kinahitaji dakika 3 na ushei tu, ukiongeza nafasi kidogo kwa ajili ya pambo refu la mwishoni. Rekodi nyingi tulizozizoea, ikiwemo ya mpiga piano Arthur Rubinstein ya miaka ya 1960, zinakaribia dakika 4 na nusu. Wapo wanaojibu kwamba wapiga piano wa zamani, waliopiga kwa haraka zaidi, walikimbizwa na santuri, ambayo upande wake mmoja ulibeba dakika 4 hivi, lakini alama hiyo ya metronomu ilichapwa mwanzoni mwa miaka ya 1830, wakati santuri haikuwapo hata katika ndoto.

Simlazimishi mtu kuifuata metronomu neno kwa neno. Ninachotaka ni asikie kinachopotea mwendo unapozidi kulegea. Sauti ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapogonga waya, kwa hiyo nota ndefu ya juu inayoufungua wimbo, ikivutwa kupita kiasi, huwa imekwisha kunyauka kabla nota inayofuata haijaipokea, na wimbo unageuka kuwa nota zilizotengana. Chopin aliwahimiza wanafunzi wake wawasikilize waimbaji wa opera, na mwimbaji ana pumzi yenye kikomo: kwa mwendo ulioandikwa, vipimo viwili vya mwanzo huchukua sekunde 11 hivi, ambazo mwimbaji mzuri anaziweza kwa pumzi moja. Jaribu kuviimba kwa sekunde 16 uone.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka na bado nitaurudia, ni kuusahau wimbo kwanza na kuufuata mkono wa kushoto: besi moja, yaani nota ya chini, kisha kodi mbili, yaani nota kadhaa zinazogongwa pamoja, mara nne katika kila kipimo. Iwapo besi hizo nne zinatembea kuelekea mahali fulani, mpiga piano anajua aendako. Mpiga piano Claudio Arrau, katika rekodi zake za mwishoni mwa miaka ya 1970, ni wa polepole kweli, lakini besi yake haisimami, na ndiyo maana anafaulu pale ambapo wanaomwiga wanasinzia. Isitoshe, nokturno si wimbo wa kubembelezea mtoto. Opus 48 namba 1 inaanza kama maandamano ya mazishi, ikapanda hadi kwenye mvumo wa okteva (nota ileile ikigongwa juu na chini kwa pamoja), na wimbo wa mwanzo unaporudi, mwendo umeongezeka mara mbili.

Dhana ya pili ni kwamba mikono isiyogonga pamoja ni dalili ya uzembe. Wapiga piano waliozaliwa katika karne ya 19 waliitanguliza besi kidogo kwa makusudi, ili wimbo usikike ukielea juu yake, na wanafunzi wa Chopin walisimulia kwamba aliutaka mkono wa kushoto utunze mwendo huku wa kulia ukichelewa au kuwahi kwa uhuru. Hiyo ndiyo rubato yake, yaani uhuru wa kuchezea mwendo. Msikilize mpiga piano Ignacy Friedman katika Opus 55 namba 2, rekodi ya mwaka 1936, kabla hujalitumia tena neno uzembe.

Dhana ya tatu, kwamba anayeongeza mapambo anamvunjia mtunzi heshima, haistahili maneno mengi. Chopin mwenyewe aliandika mapambo mengine kwa penseli katika nakala za wanafunzi wake, na mpiga piano Raoul von Koczalski, aliyefundishwa na Karol Mikuli, mwanafunzi wa Chopin, aliyapiga mapambo ya aina hiyo aliporekodi Opus 9 namba 2 mwaka 1938.

Wengine hunijia na hakika kwamba rekodi sahihi ya nokturno ni ya Rubinstein. Alizirekodi mara tatu: mwaka 1936 na 1937, kisha 1949 na 1950, na mwisho miaka ya 1960. Ya kwanza ni nyepesi na yenye kuthubutu, ya mwisho imetulia na sauti yake ni pana, na mtu mmoja ndiye aliyezipiga zote. Kwa hiyo anayenitajia Rubinstein, mimi humwuliza kwanza ni wa mwaka gani.