Eti ugonjwa hauchagui

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa msomi mmoja wa mtaa wa Himbi, wa wenye nacho: kwamba ugonjwa hauchagui, na kwamba wanaokufa zaidi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ni wale wasiotaka kusikia mafundisho ya usafi. Kwamba bakteria wa kipindupindu haulizi mshahara wa mtu, sibishi. Ila kiwango cha vifo huhesabu waliokufa kati ya watu fulani kwa muda fulani, na hapo huonekana waziwazi kwamba ugonjwa huchagua maskini.

Kiwango cha chini kinachokubalika wakati wa dharura ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Jamaa ya watu saba, basi, inahitaji lita 105, yaani zaidi ya bidoni (madumu) tano za lita 20. Mama wa Ndosho, mtaa wa maskini hapa Goma, anayenunua maji kwa bidoni bomba linapokauka anajua vizuri kwamba mikono hunawiwa kwa sabuni, lakini bidoni ya tano haipati, na choo katika mawe ya volkano hakichimbwi bila fedha. Mtu akimpelekea bango lenye picha ya mikono, mimi ndiye ninayeona haya.

Anayeshikilia kwamba chanzo ni ujinga anieleze basi habari ya Uingereza. Uchunguzi wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967, ulifuatilia maelfu ya wanaume watumishi wa serikali mjini London, wote wenye kazi na wote wenye haki ya kutibiwa bure. Wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya kile cha wakubwa wao wa umri uleule, na vifo viliongezeka ngazi kwa ngazi kadiri cheo kilivyoshuka, hata miongoni mwa watu ambao hakuna angewaita maskini. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya pengo hilo.

Nasi wataalamu pia tuna kosa la kujibu. Shirika la misaada la International Rescue Committee lilikadiria kwamba kati ya 1998 na 2007 Kongo ilipoteza watu milioni 5.4 zaidi ya kawaida, wengi wao kwa malaria, kuhara na nimonia, wala si kwa risasi. Wakosoaji waliuliza: kawaida ipi? Waliofanya hesabu walitumia wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, vifo takriban 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Ukikubali kwamba Kongo ilikuwa juu ya hapo hata kabla ya vita vilivyoanza 1998, mamilioni hupungua. Nadhani wakosoaji wana haki, kwa hiyo idadi hiyo siitaji tena bila tahadhari. Lakini hoja yao haimsaidii msomi wangu hata kidogo, kwa maana vifo vinavyotolewa kwenye hesabu ya vita inabidi viandikwe kwenye hesabu ya zahanati zisizo na dawa na ya mabomba yasiyofika Ndosho.