Kipindupindu wakati wa vita: maswali ya wakazi wa Goma

Kipindupindu ni nini?
Ni ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na bakteria waliomo kwenye maji au chakula kilichoingiwa na kinyesi. Mgonjwa huharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, kisha hutapika.

Vita vinahusikaje?
Julai 1994, karibu wakimbizi milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na viunga vyake kwa siku chache. Ardhi yetu ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi kubwa. Watu walijisaidia popote, wakanywa maji ya Ziwa Kivu. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu. Januari 2025, mapigano yalipofika mjini, umeme na maji ya bomba vilikatika, na watu wakarudi ziwani na bidoni (madumu) zao.

Lakini maji ya ziwa yanang'aa, na tumeyanywa tangu utotoni.
Hapana. Usiyanywe bila dawa. Bakteria hawaonekani kwa macho.

Nikiingia mpaka kiunoni nikachota ya mbali na ufuo?
Hapana, bado. Tia klorini kwa kipimo ulichoelekezwa, funga, subiri nusu saa. Na tafadhali, bidoni iliyoota utelezi ndani isuguliwe kwanza. Tunaziona kila siku, na wenyewe wanashangaa kwa nini nyumba nzima inaumwa.

Nikiyachemsha?
Ni salama yakitokota. Ila makala (mkaa) mengi ya Goma hutoka msitu wa Virunga, hifadhi tangu 1925, iliyoingizwa mwaka 1994 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Wakimbizi wale wa 1994, wa kambi za Mugunga, Kibumba na Katale, walitafuta kuni humo, wangepikia nini? Penye klorini, tumia klorini. Mti unabaki, na pesa ya makala inanunua chakula.

Mambo ya mazingira si yasubiri amani?
Hapana! Kinyesi kinachoachwa ufuoni leo kinanywewa kesho. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji, na kwenye mawe yetu yenye nyufa, mbali zaidi. Pasipochimbika, jengeni choo cha kuinuliwa chenye pipa la kukusanyia, na pipa hilo lisimwagwe ziwani. Kinyesi cha mtoto nacho kiende chooni. Nguo za mgonjwa zisifuliwe ufuoni.

Mgonjwa akianza usiku, tungoje kukuche?
Msingoje. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Wanaoletwa kwetu kituoni asubuhi wakiwa macho yamezama na mapigo ya mkono hayasikiki, wengi walianza jioni. Familia inasema ni sumu, inazunguka kwa waganga kwanza. Asipotibiwa, nusu ya walio mahututi hufa. Akitibiwa mapema, hafi hata mmoja kati ya mia.

Tumnyime maji ili kuhara kukatike?
Msimnyime kabisa! Kinachoua ni kukaukiwa. Mpeni ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji. Ikikosekana, lita moja ya maji yaliyotiwa dawa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufutwa juu. Akitapika, ngojeni dakika kumi, endeleeni polepole, huku mkielekea kituo cha afya. Kama barabara ina mapigano, mpigieni simu mhudumu wa afya wa mtaa wenu, na kikombe kisikauke.

Na mtoto anayenyonya?
Aendelee kunyonya, na apewe ORS kijiko kwa kijiko njia nzima.