Faida ipo kwenye vitabu, gawio hamna: thamani ya haki inavyopimwa

Kila msimu wa mikutano mikuu swali hili linarudi, na wengine wanatuletea sisi wahasibu wakiwa na hasira kabisa: kampuni imetangaza faida imepanda karibu mara mbili, alafu bodi inasema mwaka huu gawio, yani mgao wa faida kwa wenye hisa, hamna, sa hiyo faida imeenda wapi, kaila nani? Mara nyingi hamna aliyekula. Fungua hesabu zenyewe utakuta mstari mmoja umeandikwa ongezeko la thamani ya haki ya majengo, au ya mazao shambani, au ya uwekezaji, na huo mstari ndo umebeba faida yote. Benki haijaingia hata shilingi.

Namna ya kuipima thamani ya haki imewekwa kwenye kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinaitwa IFRS 13, kilitoka 2011 na kikaanza kutumika rasmi 1 Januari 2013, na hesabu za kampuni kubwa za Tanzania na Kenya zinaandaliwa kwa viwango hivyohivyo. Thamani ya haki ni bei ambayo kampuni ingepata ikiuza mali yake siku ya kufunga hesabu, au ambayo ingelipa ili mwingine abebe deni lake siku hiyo, katika mauzo ya kawaida kati ya watu wanaolijua soko, wasio na undugu na wasiokimbizwa na mtu. Kama hesabu zinafungwa 31 Desemba basi ni bei ya 31 Desemba, sio uliyonunulia miaka ishirini iliyopita wala unayotegemea itafika lami ikipita.

Hapo kwenye kukimbizwa ndo watu wanateleza sana. Mtu ana kiwanja Kigamboni, mgonjwa wake yuko wodini, bili inapanda kila siku, anakitoa nusu bei ili apate hela jioni hiyohiyo. Pesa kalipwa kweli ila ile ni bei ya shida, huwezi kuichukua ukasema viwanja vyote vya mtaa ule thamani yake ndo hiyo. Mali inayouzwa haraka haraka kwenye mnada kufidia mkopo ni vilevile, lazima mthamini achunguze muuzaji alipewa muda wa kutosha kutafuta wateja au alisukumwa tu.

Kwa ardhi na majengo kuna kitu kingine, unaangalia matumizi ambayo yangeipa mali thamani kubwa zaidi machoni pa mnunuzi, sio unavyoitumia wewe leo. Kampuni ina ghala la bati Kariakoo inawekea magunia, lakini pale mnunuzi anaona ghorofa la maduka, sa kama eneo linaruhusu na sheria ya mipango miji inakubali na hesabu zake zinalipa, basi ghala litapimwa kwa jicho la huyo mnunuzi, unatoa na gharama ya kubomoa. Masharti yote matatu lazima yatimie. Kuna wakurugenzi wanapimisha kiwanja kama vile kibali cha ghorofa kumi kimeshatoka wakati hata maombi hayajapelekwa, na mimi hapo huwa sina uvumilivu kabisa.

Sasa bei yenyewe inatoka wapi? Kiwango kimeweka levo tatu. Levo ya 1 ni bei inayoonekana wazi kwenye soko linalofanya kazi, kwa kitu kilekile hasa, mfano hisa ya kampuni inayouzwa kila siku soko la hisa, unachukua bei unazidisha na idadi basi, hamna mjadala. Levo ya 2 hamna bei ya kitu chenyewe moja kwa moja ila kuna vitu vya soko vinavyoonekana vya kupimia, mfano bondi, yani hati ya kuikopesha serikali au kampuni kwa riba, ambayo haiuzwi mara kwa mara lakini unajua riba ya bondi zinazofanana nayo. Levo ya 3 ndo ile ambayo sehemu kubwa ya namba ni makadirio ya kampuni yenyewe na mthamini wake: majengo, mazao shambani, hisa za kampuni ambayo haiko sokoni. Haimaanishi ni uongo, mara nyingi hamna njia nyingine, lakini maswali yako yote yapeleke huku.

Tuchukue jengo la kupangisha, namba ni za mfano tu. Pango baada ya kutoa gharama ni milioni 120 kwa mwaka. Mthamini akisema mnunuzi wa jengo kama hilo angetaka mavuno ya asilimia 10, yani pango la mwaka liwe asilimia 10 ya bei anayolipa, unagawa unapata bilioni 1.2. Akisema asilimia 8 inamtosha, jengo lilelile, wapangaji walewale, choo cha ghorofa ya tatu bado kimeharibika, linakuwa bilioni 1.5. Milioni 300 zimezaliwa kwa kubadilisha asilimia 2 kwenye karatasi, na kama jengo ni la uwekezaji na kampuni imechagua kulipima kwa thamani ya haki, zile milioni 300 zinaenda moja kwa moja kwenye faida ya mwaka. Ndo maana kampuni inalazimika kuandika kwenye noti, yani maelezo yanayofuata nyuma ya hesabu, ilitumia asilimia ngapi na ikibadilika itakuwaje. Ukiwa mwanahisa chukua ripoti ya mwaka jana na ya mwaka huu uziweke pamoja, uangalie hiyo asilimia tu, kama imeshuka na hamna maelezo ya maana basi nyoosha mkono kwenye mkutano uulize imeshuka kwa sababu gani. Uliza pia kama mthamini alitoka nje ya kampuni au ni mtu wa ndani.

Mashamba nayo yalisumbua watu miaka mingi. Kampuni za chai Kenya zilikuwa zinapima hadi michai yenyewe, yani miti, kwa thamani ya haki ukitoa gharama za kuuza, wakakadiria bei ya chai na kiwango cha dola kwa miaka mingi mbele, kwa hiyo makadirio yakibadilika kidogo faida inaruka juu au inageuka hasara wakati majani yaliyochumwa ni yaleyale. Toka 1 Januari 2016 mimea inayozaa kwa muda mrefu kama michai na miparachichi imehamishwa, inahesabiwa kama mitambo inavyohesabiwa, kwa kawaida ni gharama ukitoa uchakavu, lakini jani au tunda lenyewe likiwa bado shambani linaendelea kupimwa kwa thamani ya haki. Mimi naona ulikuwa uamuzi mzuri, nani anauza mchai peke yake bila ardhi? Na kwenye mazao kumbuka usafiri wa kufikisha mzigo sokoni unatolewa kwenye bei, ukiwa shambani Kericho na mnada uko Mombasa hilo sio jambo dogo.

Sio kila kitu kinaandikwa kwa thamani ya haki. Benki ikinunua bondi kwa nia ya kukaa nazo hadi ziive inaruhusiwa kuziandika kwa gharama, sio bei ya soko. Silicon Valley Bank ya Marekani mwisho wa 2022 ilikuwa na bondi za aina hiyo kama dola bilioni 91 kwenye vitabu, ila sokoni zilikuwa na thamani ya kama bilioni 76 kwa sababu riba zilikuwa zimepanda sana na riba ikipanda bondi za zamani zinashuka bei. Pengo lile la bilioni 15 lilikaribia mtaji wote wa benki. Na halikufichwa, lilikuwa limeandikwa kwenye noti, maana hata vitu vya gharama thamani yake ya haki hutajwa huko nyuma. Wateja waliposhtuka, siku moja tu ya 9 Machi 2023 waliomba kutoa dola bilioni 42, na kesho yake ikafungwa.

Kwa upande wa madeni mambo ni ya ajabu zaidi. Deni likipimwa kwa thamani ya haki inabidi uhesabu na hatari ya wewe mwenyewe kushindwa kulipa, kwa hiyo soko likipoteza imani na wewe thamani ya deni lako inashuka, na deni likishuka kwenye vitabu ni faida! Benki ya Marekani Morgan Stanley robo ya tatu ya 2011 iliingiza mapato ya dola bilioni 3.4 kwa njia hiyo, yani wawekezaji wameiogopa na mapato yakapanda. Kwa wanaotumia viwango vya kimataifa, IFRS 9, kiwango cha mali na madeni ya kifedha kilichoanza 2018, kwa kawaida hairuhusu hiyo hela ya kuogopwa iingie kwenye faida ya mwaka, inawekwa chini kwenye mapato mengine kamili, yani sehemu ya mabadiliko yasiyohesabiwa kwenye faida, kwa hiyo ukisoma hesabu za benki usiishie pale pameandikwa faida baada ya kodi, shuka mistari michache chini yake.