Ufadhili wa wapasuaji wa ubongo: fomu inavyowaacha watu nje

Sikumbuki kipindi ambacho matangazo ya tuzo na ufadhili kwa wanawake, kwa Waafrika na kwa wale wanaoitwa "makundi yaliyoachwa nyuma" katika upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo yalikuwa mengi kama sasa. Yanazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp kutoka Kisumu hadi Eldoret, na mtu huyasambaza kabla hajayasoma. Mimi huyasoma kutoka chini kwenda juu: masharti kwanza, halafu kiasi cha pesa, ndipo nitazame lile jina la kuvutia. Kazi yangu ni upasuaji huu, hapa Kisumu, na tangu niingie kwenye kamati ndogo ya wenzetu inayopitia maombi ya ufadhili nimeshikilia jambo moja. Ukitaka kujua pesa zilitengewa nani, achana na hotuba ya uzinduzi. Soma fomu.

Takwimu kidogo kwanza. Mwaka wa 2018 jarida la Journal of Neurosurgery lilichapisha makadirio kwamba watu milioni 13.8 duniani huhitaji upasuaji wa aina hii kila mwaka, na zaidi ya milioni 5 kati yao hawaupati. Wote hao wanaokosa wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ili kuwafikia, ilikadiriwa kwamba wangehitajika wapasuaji 23,300 zaidi. Leta hesabu hiyo hapa kwetu. Wengi wa wapasuaji wa ubongo nchini wako Nairobi. Kijana wa bodaboda akigongwa Siaya saa nne usiku, damu ikaanza kujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo, ana saa chache tu kabla ubongo haujabanwa kiasi cha kutorudi. Nairobi ni mbali mno kwake. Ndiyo maana swali la nani anasomea kazi hii na anatoka wapi halihusu picha nzuri za ripoti ya mwaka. Aliyekulia Busia ana sababu ya kurudi Busia. Wa Karen, mtaa wa wenye nazo Nairobi, atatafuta sababu, na kwa kawaida haipati.

Tuzo hizi hazikuanza jana. Marekani, daktari mweusi wa kwanza kuidhinishwa na bodi ya fani hii, Clarence Greene, aliidhinishwa mwaka wa 1953. Mwanamke wa kwanza, Ruth Kerr Jakoby, alifuata 1961. Ikabidi kusubiri hadi 1981 ndipo Alexa Canady awe mpasuaji wa ubongo wa kwanza nchini humo aliye mwanamke na mweusi. Mwaka wa 1989 wanawake wachache waliokuwa wakifanya kazi hiyo wakaunda chama chao, Women in Neurosurgery, na miongoni mwa shughuli zake ni kutoa tuzo na nauli za kuhudhuria mikutano. Nauli! Nilipokuwa mdogo kazini niliona jambo hilo ni dogo mno kuitwa usawa. Lakini mkutanoni ndiko profesa anakokutana na kijana asiyemjua, wanaongea kwa dakika kumi kuhusu uvimbe wa ubongo, na mwaka unaofuata nafasi ya mafunzo ikitokea profesa analo jina kichwani. Asiyeweza kufika huko jina lake halimo kichwani mwa mtu yeyote.

Barani Afrika, ufadhili ninaouheshimu zaidi ni ule usiokuwa na makeke. Shirikisho la dunia la vyama vya wapasuaji wa ubongo, WFNS, lilianzisha mwaka wa 2002 kituo cha mafunzo mjini Rabat, Moroko, chini ya Profesa Abdeslam El Khamlichi, ili madaktari kutoka kusini mwa Sahara wasomee ubingwa ndani ya bara. Claire Karekezi alipita huko, akaenda Toronto kwa mafunzo ya ziada ya uvimbe wa ubongo, kisha mwaka wa 2018 akarudi Kigali akiwa mwanamke wa kwanza nchini Rwanda katika fani hii. Tazama mpangilio: malipo ya miaka ya masomo, mahali pa kusomea, na mahali pa kurudi kufanya kazi. Halikuwa kombe la kuweka kabatini. Tatizo kwetu ni kwamba Rabat wanafundisha kwa Kifaransa. Mluo au Mluhya aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza atakwama mlangoni, na hakuna aliyemfungia kwa makusudi. Vizuizi vingi vya fani hii viko hivyo, havina mwenyewe.

Kwa upande wetu kipo Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha. Chuo hicho hakina madarasa. Daktari anasomea katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya wapasuaji waliopo, huku akihudumia wagonjwa. Kwa mama mwenye watoto wawili na mume aliyeajiriwa Kakamega, mfumo huo peke yake ni usawa mkubwa kuliko tuzo nyingi ninazozijua. Ndani ya chuo hicho, mwaka wa 2015, ulizinduliwa mtandao wa Women in Surgery Africa unaowaunganisha na kuwasaidia wanawake wanaosomea upasuaji.

Sasa turudi kwenye fomu.

Sharti la umri ndilo linalonikera zaidi. Tuzo za "chipukizi" mara nyingi huwa na kikomo, na aliyekiweka alikuwa akifikiria njia ya kwao. Njia ya hapa ni hii: shahada ya udaktari miaka 6, kisha mwaka wa kuwa daktari mwanagenzi, na kabla ya hapo kusubiri kupangiwa hospitali. Kungoja huko si kwa kufikirika. Mgomo wa madaktari wa 2024 uliochukua siku 56 ulihusu kwa kiasi kikubwa malipo na upangaji wa wanagenzi hao. Halafu unaajiriwa na kaunti, maana afya iligatuliwa 2013, na kaunti haikuachilii kwenda kusoma kabla hujaitumikia. Ndipo uingie kwenye ubingwa wa miaka mitano au sita. Ukiongeza uzazi mara mbili, chipukizi wetu ana miaka arobaini na nywele mbili tatu nyeupe. Kamati yetu ilifuta umri kabisa na kuuliza ni miaka mingapi imepita tangu mtu aanze ubingwa. Siku hiyo hiyo sura ya waombaji ilibadilika.

La pili ni maneno haya: "gharama zitarejeshwa baada ya mkutano." Aliyeyaandika ana kadi ya benki. Daktari anayesomea ubingwa anapaswa kutafuta tiketi ya ndege, ada ya viza ambayo hairudishwi hata viza ikikataliwa, ada ya mkutano na hoteli, yote kwanza, kisha angoje miezi. Nawajua waliochukua mkopo wa sacco ili wapokee zawadi. Wengine hawakuomba kabisa, na mfadhili akaandika kwamba wanawake wa Afrika hawajitokezi.

Na makala. "Ambatanisha orodha ya machapisho yako." Kuna majarida yanayotoza mwandishi ada ya uchapishaji inayozidi mshahara wa mwezi wa daktari wa kaunti. Aliye katika hospitali ya chuo kikuu kikubwa ana profesa wa kumwekea jina kwenye makala na mradi wa kulipa ada. Aliye zamu usiku na mchana katika hospitali ya kaunti, akifungua mafuvu ya waliogongwa, hana. Ukiwapanga kwa idadi ya makala, umempa mwenye nacho. Sisi siku hizi tunaomba ukurasa mmoja: eleza mgonjwa mmoja uliyemhudumia, ulikosa kifaa gani, ulifanyaje. Wenye makala ishirini huandika ukurasa huo vibaya kupita unavyodhania.

Kuna usawa mwingine ambao hauna tuzo kwa sababu haupendezi kwenye picha. Stoo nyingi za hospitali huagiza glavu namba saba na nusu na namba nane. Mwanamke mwenye mkono wa namba sita anashika mshipa mwembamba wa ubongo huku ncha za glavu zikining'inia. Aproni ya risasi ya kuzuia mionzi, tunayovaa tukipiga eksirei ya uti wa mgongo mezani, ilikatwa kwa mwili wa mwanamume mrefu. Kwa mtu mfupi inaburura chini na kuacha kwapa wazi, mionzi ikipita upande wa titi. Miwani ya kukuzia hutengenezwa kwa kipimo cha umbali kati ya mboni za mtu mmoja, kwa hivyo huwezi kuazima ya mwenzako na kufanya kazi vizuri. Ufadhili mdogo uliowahi kutupitia ulinunua miwani, aproni za saizi ndogo na katoni za glavu namba sita. Hakukuwa na hafla wala kukata utepe. Kwa maoni yangu ndio uliotumika vizuri kuliko wote.

Wagonjwa nao wana lao. Daktari wa kike anaingia wodini, amevaa koti, stetoskopu shingoni, na mzee anamwambia, "Sista, niitie daktari." Anamjibu kwa Dholuo, kwa heshima ya mtoto kwa mzee, kwamba daktari ndiye yeye na kichwa cha mwanawe atakifungua yeye. Mzee ananyamaza, anamtazama, kisha anauliza kwao ni wapi. Akisikia ni Bondo, mazungumzo yanaanza upya. Sijawahi kuona fomu yenye alama za lugha ya mgonjwa, ilhali ridhaa ya upasuaji hutolewa kwa lugha hiyo.

Ulemavu tunausahau kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataka angalau asilimia 5 ya nafasi katika mashirika ya kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu, lakini ukimtajia mtu mpasuaji mlemavu anacheka. Karin Muraszko alizaliwa na mgongo wazi, ugonjwa tunaouona kliniki zetu za watoto mwaka mzima. Akawa mpasuaji wa ubongo wa watoto, na mwaka wa 2005 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya fani hii katika chuo cha udaktari Marekani, huko Michigan. Huwa nawasimulia kina mama hadithi yake kabla ya kuwaeleza upasuaji wenyewe, maana wengi wamefika wakiwa wameshaambiwa na majirani kwamba mtoto huyo si wa kusomeshwa.

Nimeulizwa na vijana kama milango hii inafungwa, kwa sababu Januari 2025 rais wa Marekani alitoa amri dhidi ya programu za utofauti na usawa katika taasisi za serikali ya huko, na misaada kadhaa ya utafiti ikakatwa. Baadhi itafungwa, ndiyo. Pesa za mtu huenda na siasa za mtu. Hilo linanifanya nizitazame zaidi bodi za ajira za kaunti zetu, kwa sababu likizo ya masomo yenye mshahara kwa daktari mmoja kutoka Homa Bay ni ufadhili unaozidi tuzo nyingi za ng'ambo. Na hapa ndipo kombe linapopata kazi. Bodi ambayo haielewi upasuaji wa ubongo huelewa cheti chenye muhuri, kwa hivyo ukikipata kipeleke kwao pamoja na barua ya kuomba ruhusa.

Mnaoomba mwaka huu: ulizeni kabla ya kujaza kama pesa hutolewa mapema. Msiogope kuandika kwamba mnahitaji mtu wa kukaa na mtoto, au daktari wa kushika zamu mkiwa nje. Wafadhili wachache hulipia, lakini wasipoulizwa hawatalipia kamwe. Anayetaka barua yangu ya mapendekezo anipe wiki mbili na aje tuzungumze, hata kwa simu. Kuletewa barua iliyokwisha kuandikwa nitie sahihi tu, hapana.